Tanuru la vyungu litafaa kwa vioo vyangu?

SWALI: Shikamoo mzee wangu. Niko Igoma, hapa Mwanza, nachora vioo kwa rangi za kuchoma. Nikimaliza kuchora napeleka kuchomewa kwa mtu, tena kwa foleni. Sasa parokia moja imeniagiza vioo kumi na viwili vya dirisha, na kuna wateja wanataka sahani zenye umbo la sato za vipande vya kioo vilivyoyeyushwa vikashikana. Kirumba kuna tanuru la umeme la mtumba la kuchomea vyungu, la mviringo, refu kama pipa, limeandikwa linafika digrii 1260. Mwenye nalo anasema kama linaiweza 1260 haliwezi kushindwa na 800. Nilichukue, au nijipange niagize dogo la vioo? Umeme wangu ni wa nyumbani tu, na jioni taa hufifia.

JIBU: Marahaba, mwanangu.

Mwenye tanuru hajakudanganya. Chombo kinachofika 1260 kitafika 800 bila kutoka jasho. Lakini kupanda siyo kazi. Mhunzi na mivukuto yake anafika huko kwa debe la mkaa. Kazi iko kwenye kushuka, na hapo ndipo tanuru la vyungu na tanuru la vioo huachana njia. Chungu kikishaiva unazima swichi unakwenda kulala. Kioo ukikifanyia hivyo, asubuhi unafungua unakuta vigae.

Umewaona wapasua kokoto wa milima yetu hapa Mwanza. Hawaanzi na nyundo. Wanawasha moto juu ya jabali, ngozi ya jiwe inapata joto na kutanuka huku tumbo lake bado la baridi, na jiwe linajibandua lenyewe. Kioo nacho ni hivyo, ila hatari yake kubwa huja wakati wa kupoa. Uso unakuwa mgumu kwanza, ndani bado kuna joto, na ndani kukija kupoa kunataka kunywea wakati ngozi imeshakaza. Ule mvutano haupotei. Unabaki humo, umelala. Kwa kioo cha dirisha cha kawaida eneo la kuogopa ni kuanzia kama digrii 560 hadi 480. Hapo kinatakiwa kikae kwanza mpaka juu, chini, katikati na ukingoni joto liwe moja, halafu kishuke polepole. Sisi tunaita kukipumzisha. Kipande cha unene wa milimita 6 mimi hukipa saa moja ya kukaa. Cha milimita 12 saa mbili, na mwendo wa kushuka unakuwa wa pole zaidi.

Nilijifunza kwa hasara. Sahani yangu ya kwanza nene ilitoka tanuruni haina hata mkwaruzo, nikaiweka dirishani nyumbani nijisifie. Siku ya nne, usiku wa manane, tulisikia mlio tukadhani mtu amerusha jiwe batini. Ilikuwa sahani. Hakuna aliyeigusa. Nilikuwa nimeipa dakika ishirini za kupumzika kwa sababu nilikuwa na haraka ya kuiona.

Kwa hiyo mtu akiniuliza kuhusu tanuru la vioo, namba ya digrii za juu siiangalii kabisa. Naangalia koili, zile waya zinazotoa moto, zimekaa wapi, kuta ni za nini, kontrola, yaani kifaa kinachoongoza joto, inajua kufanya nini umeme ukikatika, na waya unaolilisha ukoje. Tuanze na koili, maana ndiko pipa la Kirumba linakoangukia.

Tanuru la vyungu lina koili ubavuni, zimezunguka kama mkanda. Chungu husimama, kinapata moto pande zote, hakuna tabu. Kioo chako kinalala. Ukikilaza humo, ukingo ulio karibu na koili unapata joto na kutanuka mapema, katikati iko nyuma, na ukingo unaivuta katikati mpaka ufa unapita. Kwa vipande vidogo vya upana wa kiganja huenda usione shida. Kwa kioo cha dirisha utaiona. Halafu piga hesabu ya nafasi. Pipa la kipenyo cha sentimita 45, ukiacha sentimita 5 kila upande ili kioo kisikaribie koili, linakuachia duara la 35, na mraba unaoingia kwenye duara hilo haufiki sentimita 25. Vioo vya parokia vina ukubwa gani? Hukuniambia. Kama ni vipande vidogo vitakavyoshikwa kwa fito za madini ya risasi, vitaingia. Kama kila dirisha ni kioo kimoja kizima, mazungumzo ya pipa yameishia hapa.

Wenye tamaa huniambia, basi nitapanga rafu tatu, moja juu ya nyingine, nichome vingi kwa mkupuo. Kwenye rangi peke yake, na kwa mwendo wa kobe, inawezekana. Kwenye kuyeyusha, hapana. Rafu ya juu na ya chini zinaweza kupishana digrii za kutosha kufanya sahani moja iive na nyingine ibaki imeshikana kwa ncha tu.

Tanuru la vioo lina sura ya sanduku la nguo. Ni pana, halina kina, sentimita 15 hadi 20 tu, na koili ziko kwenye kifuniko, zinaangalia chini. Kioo kinalala chini yake kila sehemu ikiwa na umbali uleule kutoka kwenye moto. Mengine yana koili kifunikoni na ubavuni, na unaweza kuamua zipi zifanye kazi. Hayo ni mazuri zaidi lakini usijiumize kwa ajili yake. Mlango wa mbele au kifuniko cha juu ni suala la mgongo wako na nafasi ya chumba. Mimi napenda kifuniko, kwa sababu ninaona rafu nzima wakati napanga.

Usimwamini muuzaji anayesema joto la tanuru lake ni sawasawa. Pima, ni rahisi. Kata vipande vitano vya kioo kimoja, kutoka shiti moja, upana wa sentimita 2 na urefu wa 20. Kila kipande kilaze kama daraja juu ya vijiwe viwili vya kauri vyenye kimo sawa: kimoja katikati ya rafu, vinne kwenye pembe. Panda taratibu hadi karibu 650, ngoja dakika kumi, zima, acha hadi kesho. Madaraja yatakuwa yamebonyea. Yaliyobonyea sana yalikuwa kwenye joto kali, yaliyobaki yamenyooka yalikuwa kwenye baridi. Nililifanyia hivyo tanuru langu la pili, nikakuta pembe iliyo karibu na bawaba daraja lake halijashuka hata nusu ya lile la katikati. Nikaelewa kwa nini kwa miezi mitatu pua za sato wangu zilikuwa zinatoka na kingo kali. Kifuniko kilikuwa hakikai vizuri, hewa ilikuwa inapenya. Bawaba ilikazwa, mambo yakaisha.

Kuta. Kuna za tofali laini la moto, lile jeupe jepesi unaloweza kulikwangua kwa kucha, na kuna za blanketi la nyuzi za kauri. La blanketi ni jepesi kubeba, linapanda haraka, linakula umeme kidogo zaidi. Wazungu wengi wa kazi ndogondogo wanalipenda, na kwao sawa, umeme wao hauna mizaha. Hapa kwetu nakushauri tofali, na sababu yangu ni moja: tofali linatunza joto. Siku moja umeme ulikatika wakati tanuru langu la tofali liko 530, likiwa ndani ya kupumzisha. Sikufungua, sikuchungulia, niliziba tundu la hewa nikakaa pembeni nasali. Uliporudi baada ya saa moja na nusu kipimo kilisoma kama 410. Vioo vilipona vyote, maana mwendo huo hauko mbali na ule ambao ningeupanga mwenyewe. Jirani yangu wa karakana, siku ileile, alikuwa na la blanketi. Nusu saa tu lilikuwa limeshafika huko. Vipande vyake vinene vilipasuka vyote isipokuwa viwili.

Blanketi lina jambo jingine, afya. Nyuzi zake zikizeeka kwa moto zinatoa vumbi baya kwa mapafu. Ukilikuta la mtumba ambalo blanketi limechanika au linapukutika, liache, hata kama ni la bure. Na barakoa ya kitambaa haizuii vumbi hilo.

Sasa kontrola. Tanuru la vyungu la zamani mara nyingi lina kitufe cha kuzungusha cha ndogo, wastani na kubwa, na kikono kinachokaa juu ya kijiti cha udongo. Kijiti kikilegea kwa joto, kikono kinaanguka, umeme unakata. Kwa mfinyanzi hicho ni kifaa cha akili sana. Kwako hakina maana, maana kinajua kuzima tu. Kushusha taratibu hakijui. Kioo kinahitaji kontrola inayopokea hatua: panda kwa mwendo huu hadi hapa, kaa dakika hizi, panda tena, kaa, shuka, kaa, shuka pole. Hatua nane zinatosha kwa karibu kila kitu utakachofanya. Zikiwa nne tu utajibana.

Swali la kumuuliza muuzaji, na mwombe akujibu kwa maandishi: umeme ukikatika na kurudi, kontrola inafanya nini? Kuna zinazoendelea pale zilipoishia. Kuna zinazofuta kila kitu na kukaa kimya zikikusubiri. Na kuna zinazoanza programu upya kutoka mwanzo, ambayo ndiyo mbaya kuliko zote: sahani iliyokuwa inapoa inarudishwa hadi 800 mara ya pili na rangi yako inaungua. Mimi nataka ile inayotazama joto lililopo kwanza, kisha ikaendelea na hatua iliyokuwa inafanya.

Kipimo cha joto ndani ya tanuru, ile thamokapo, kwa joto letu ya aina ya K inatosha kabisa. Usilipie ya platinamu. Ila kumbuka inasoma joto la ncha yake, haisomi joto la kioo. Ncha ikiwa karibu na koili za juu itasema 815 wakati kioo kiko nyuma. Ndiyo maana programu ya mtu mwingine, hata yangu, ni mahali pa kuanzia tu.

Kwa kuwa najua utaniuliza, hii ndiyo ninayoanzia kwa tabaka mbili za kioo cha dirisha cha milimita 3, bila kalibu: napanda digrii 150 kwa saa hadi 650, nakaa nusu saa hewa itoke katikati ya tabaka, kisha napanda kwa kasi yote ya tanuru hadi 815, nakaa dakika kumi. Nikitaka vishikane tu, kila kipande kibaki na umbo lake, naishia chini ya hapo kama digrii 40. Halafu naliacha lishuke lenyewe hadi 550, saa moja ya kupumzika, digrii 80 kwa saa hadi 370, nazima. Sifungui hadi kipimo kiwe chini ya 60. Rangi za kuchora ni moto mdogo zaidi: zile za kahawia na nyeusi za madirisha ya kanisa huiva kati ya 620 na 680, na rangi nyingi za enameli za kisasa ziko chini ya hapo. Ile njano inayotokana na fedha ni ya chini tena, huchomwa peke yake mwishoni. Soma chupa ya rangi, lakini choma kipande cha majaribio hata kama chupa imeapa.

Kuona kama kioo kimepumzika kuna ujanja wa bure. Fungua ukurasa mweupe kwenye skrini ya kompyuta, vaa miwani ya jua ya aina ya polaroidi, zungusha kichwa mpaka skrini iwe nyeusi. Ingiza sahani katikati ya skrini na miwani. Kioo kilichotulia kitabaki cheusi. Chenye mvutano kitatoa mawingu meupe, hasa kwenye kona na pale unene unapobadilika. Kikionyesha hivyo kirudishe tanuruni hadi 550 ukipumzishe upya kabla hakijakuamsha usiku.

Umeme ndio uliokupa wasiwasi, na una haki. Tanuru la vioo lenye nafasi ya sentimita 35 hadi 40 kila upande huwa linakula kati ya kilowati 2 na 3. Hiyo soketi ya kawaida ya ampea 13 inaibeba kwenye karatasi. Kwenye ukuta, baada ya saa sita mfululizo, plagi inaanza kunuka. Mwite fundi umeme mwenye leseni akuvutie laini yake peke yake kutoka meni swichi, waya wa milimita za mraba 4, breka ya ampea 20, swichi ya kuzimia ukutani, na ethi ya kweli iliyozikwa. Ekstensheni usiiguse. Ukitaka tanuru la sentimita 60 hapo unaingia kilowati 5 kwenda juu, na kabla ya kuota kubwa zaidi ya hilo nenda TANESCO ukaulize habari za fezi tatu.

Lakini tatizo lako la Igoma ni volti. Koili haisamehe. Nguvu yake inapungua kwa mraba wa volti. Tanuru la wati 2500 kwa volti 230 linatoa kama 1890 volti zikiwa 200, na zikishuka hadi 180 linatoa 1530 tu. Ona kinachofuata. Linapanda vizuri hadi 700, linaanza kuhema, linakaa 720, 730, 740, saa zinapita. Na joto hilo ndilo baya kuliko yote kwa kioo kukaa muda mrefu, maana uso wake unaanza kujenga fuwele ndogondogo. Unafungua asubuhi unakuta ukungu kama maziwa yaliyomwagika yakakaukia, na ukungu huo haufutiki kwa kitambaa. Watu hulaumu kioo, hulaumu rangi, kumbe ni majirani walikuwa wanapika na kupiga pasi.

Nunua malitimita ya fundi, haina bei. Jioni tatu mfululizo, kati ya saa moja na saa tatu usiku, pima volti kwenye soketi huku birika la umeme likichemka. Zikiwa juu ya 215 usiwe na shaka. Zikiwa chini ya 200 utachoma usiku mkubwa, kama mimi: nawasha saa nne usiku, kilele kinakuja karibu saa tisa watu wamelala, na kupoa kunakwenda hadi mchana. Stabilaiza inawezekana pia, ila iwe ya kubeba tanuru zima kwa saa nyingi. Hizi za friji na televisheni zitaungua wiki ya kwanza.

Bili je? Angalia uniti kwenye mita ya LUKU kabla ya kuwasha na ukimaliza, andika kwenye daftari. Koili haziwaki muda wote, zinawaka na kuzima, kwa hiyo tanuru la kilowati 2.5 kwa saa kumi halili uniti 25. Mara nyingi utaona karibu nusu ya hizo. Hata hivyo, kama mita yako iko kwenye lile kundi la nafuu la uniti 75 kwa mwezi, machomo saba manane yatakutoa. Weka hilo kwenye bei ya sahani tangu siku ya kwanza. Nimeona vijana wanauza sato mzuri kwa bei ya kioo na rangi, wakisahau kwamba umeme nao ulikuwa ndani.

Ukiletewa la Marekani, soma kibati cha nyuma kabla ya kusoma kitu kingine chochote. Lililoandikwa volti 120 ukilichomeka kwetu litavuta nguvu zaidi ya mara tatu na nusu ya lililopimiwa, na koili zitakatika dakika za mwanzo. Linataka transfoma nzito. La 240 litafanya kazi, limepungua nguvu kidogo tu, kama asilimia 8. La 208 lipo pia, ni la majengo yao ya biashara, na kwa 230 yetu linazidishiwa, koili hazitadumu. Hezi 50 au 60 koili hazijali.

Na usishawishike na kile kichungu cha kuweka ndani ya mikrowevu. Kinafika joto la kuyeyusha kwa dakika chache kweli, kwa hereni na kidani. Kupoa kwake hukitawali, na kioo cha dirisha hakiingii.

Tukirudi Kirumba. Sisemi pipa ni takataka. Kama bei itashuka hadi karibu na bei ya chuma chakavu, linaweza kukusaidia kwa vipande vidogo vya rangi, kwa rafu moja iliyowekwa katikati ya kimo, na kontrola mpya ya nje yenye thamokapo yake. Nenda na malitimita. Hakikisha limechomolewa kabisa, kisha pima ukinzani wa koili kwenye waya zake. Kanuni ni volti mara volti, gawa kwa wati: la wati 2500 kwa 230 linatakiwa lisome karibu ohmu 21. Likisoma 26 koili zimechoka, na tanuru limeshakuwa la wati 2000 hata kabla TANESCO hawajakupunguzia. Lisiposoma kitu, koili imekatika. Angalia pia ndani kama kuna madoa ya ung'aro wa vyungu yaliyoganda kwenye matofali na rafu. Yakipata moto yanaweza kulainika na kudondoka, na unga wa matofali yaliyochakaa hutua juu ya kioo laini na kubaki humo milele. Mimi nililipia la namna hiyo zamani, kwa muuzaji aliyeniapia kwamba halijatumika ila mara mbili. Sahani zangu zote za mwaka ule zina vipele kama ngozi ya kenge.

Kwa kazi uliyonayo, dirisha na sahani, ningejibana niagize la vioo: sanduku la tofali, koili kifunikoni, nafasi ya sentimita 40 kwa 40, lisizidi kilowati 3 kwa volti 230, kontrola ya hatua nane inayoendelea baada ya umeme kurudi, na swichi ya mlangoni inayokata koili ukifungua. Hiyo swichi usiiache. Koili za kifunikoni ziko wazi, na mtu akiingiza koleo wakati zina umeme hatapata nafasi ya kuuliza. Omba pia koili moja ya akiba na thamokapo moja kwenye mzigo huohuo. Ukizisubiri baadaye utasubiri sana.

Safari ndiyo inayoua matanuru. Tofali laini linavunjika kwa mtikisiko, na kutoka bandarini Dar hadi hapa ni zaidi ya kilomita elfu moja. Mwambie wakala lisilazwe ubavu, na kati ya kifuniko na sakafu kujazwe sponji. Likifika lifungue mbele ya dereva, piga picha, ndipo usaini.

Ukiwa unasubiri, anza na mambo ya bei ndogo. Chumba chenye sakafu ya saruji, tanuru likae nusu mita kutoka ukutani, juu yake pasiwe na siling'i ya mbao wala jipsamu iliyo karibu, na dirisha liwepo, kwa sababu gundi na mafuta ya rangi hutoa moshi hadi kama digrii 500 na wakati huo tundu la hewa linakuwa wazi. Rafu ipakwe uji mwembamba wa kaolini na alumina, tabaka nne tano za brashi laini, ikauke kabisa. Kaolini yetu ya Pugu ukiichekecha vizuri inafaa. Hewa ya ziwa ina unyevu, kwa hiyo mimi huikausha rafu tanuruni kwenye 250 kwanza. Ukiiweka mbichi, mvuke wake unainua kioo na kukiachia mapovu.

Vioo usivichanganye. Cha dirisha, cha chupa na vile vya rangi vinavyoagizwa kwa namba 90 au 96 (ndicho kipimo cha kutanuka) kila kimoja kinatanuka kivyake, na ukiviyeyusha pamoja vitaachana vikipoa, hata ukivipumzisha wiki. Chupa nayo iyeyushe na chupa ya aina yake tu. Vya dirisha nunua shiti moja kwa kazi moja. Kile kinachovunjika punje punje kama cha mlango wa gari hakikatiki, kwa hiyo hutakosea. Na kwa mchoraji kama wewe, jua kwamba kioo cha dirisha cha siku hizi huelea juu ya madini ya bati yaliyoyeyuka kiwandani, hivyo upande mmoja una ukoko mwembamba wa bati usioonekana. Rangi nyingine, ile njano ya fedha hasa, hutoka tofauti kabisa kwenye upande huo. Taa ndogo ya urujuani ya mawimbi mafupi huonyesha upande wa bati kwa mng'ao wa maziwa. Ile ya kukagulia noti haitoshi. Ukikosa, choma vipande viwili vilivyogeuzwa, weka alama, linganisha. Kwa madirisha kumi na mawili yatakayokaa pamoja ukutani, tofauti hiyo hata mama wa kwaya ataiona.

Rangi zenye risasi zibaki kwenye madirisha. Kwenye sahani ambayo mtu ataweka samaki, nunua zilizoandikwa wazi kwamba hazina, na hata hizo zichore upande wa chini.

Vioo vya parokia usivisubirishe tanuru. Peleka vinne vya kwanza kwa huyo anayekuchomea, ulipe, ujifunze rangi zako zinavyotoka, na uchukue malipo ya awali. Na kabla hujampa mtu wa Kirumba hata shilingi, nitumie vitu vitatu: picha ya kibati cha nyuma, ohmu ulizosoma, na volti zako za jioni tatu. Nitakujibu siku hiyohiyo.